Moduli ya 2.6.18 inagoma kukompaili kwenye keneli 6.1: skb->nh na skb->h zimekwenda wapi?

kijana_wa_katubuka (Kigoma)

Wakuu habari za muda huu.

Niko Kigoma mjini, Mwanga, kwenye ofisi ndogo ya steshenari na intaneti. Wateja wanaunga simu na laptop zao kwenye waifai yetu na wanalipia kwa megabaiti. Kinachopima matumizi ni kompyuta ya mezani inayokaa katikati ya modemu na swichi, ndani yake kuna moduli ya keneli inayoitwa hesabu.ko. Aliiandika fundi aliyenitangulia. Inajishika kwenye netfilter (sehemu ya keneli inayokagua pakiti zinazopita), inajumlisha baiti za kila anwani ya IP, na ukisoma /proc/hesabu unapata orodha yote. Programu ya malipo ya kaunta inasoma hapo hapo. Fundi mwenyewe alishahamia Mpanda na namba yake haipatikani.

Mashine ya zamani ilikuwa na CentOS 5, keneli 2.6.18, biti 32. Diski imekufa. Nimepata mashine nyingine, nimeweka Debian 12, keneli 6.1, biti 64. Faili la hesabu.c nilikuwa nalo kwenye flashi. Nikipiga make, makosa yanajaza skrini: struct sk_buff (muundo unaobeba pakiti ndani ya keneli) haina kitu kinachoitwa nh, haina kinachoitwa h, NF_IP_PRE_ROUTING haijulikani, nf_register_hook haijulikani, create_proc_entry haijulikani, na kadhalika.

Rafiki yangu wa Ujiji kanipa faili la sed la kubadilisha majina: skb->nh.iph iwe ip_hdr(skb), skb->h.th iwe tcp_hdr(skb), yako kama ishirini hivi. Nimelijaribu kwenye nakala. Makosa ya nh na h yameisha. Lakini limetokea onyo jipya kwenye mstari huu:

    baiti = (char *)skb->tail - (char *)skb->data;

Kompaila inasema namba inageuzwa kuwa pointa na ukubwa wake haulingani. Ni onyo tu, si kosa. Sijaipakia bado kwa sababu wateja wako kwenye laini mchana wote.

Ninachoomba kujua: je, kuna orodha rasmi ya majina ya zamani na mapya nikamalizana nayo? Onyo hilo nilipuuze? Na hivi hawa watu wanabadilisha majina kwa ajili gani, wakati programu za kawaida za mwaka 2007 mpaka leo zinakimbia bila kuguswa?

Natanguliza shukrani.

---

kasulu_mtandao

Mkuu, tupa hiyo moduli. nftables ipo ndani ya keneli tangu 3.13 ya Januari 2014, na Debian 12 inakuja nayo. Unatengeneza seti ya anwani yenye kaunta kwa kila anwani, unasoma kwa `nft list set`, umemaliza. Huandiki hata mstari mmoja wa C, na keneli ikibadilishwa majina huna habari nayo.

---

kijana_wa_katubuka

Asante mkuu. Nimeiona hiyo na ni nzuri, ila programu ya malipo inasoma /proc/hesabu na mwenye ofisi hataki iguswe, anaogopa hesabu za wateja wenye salio. Halafu, ukweli ni kwamba nataka kuuelewa huu msimbo.

---

mzee_wa_cheyo (Tabora)

Kijana, usiipakie.

Naanza na onyo lako kabla ya majina, maana hapo ndipo pana hasara. Mstari huo hautaangusha mashine. Ingekuwa afadhali uangushe, ungejua mara moja. Utakachopata ni namba za ajabu, nyingine hasi, nyingine kubwa kuliko laini yenu inavyoweza kupitisha, na programu ya malipo itazimeza zote na kumkata mteja salio. Sasa nikueleze kwa nini, na humo humo ndimo lilimo jibu la swali lako la tatu.

Kwenye 2.6.18, ndani ya struct sk_buff kulikuwa na h ya kichwa cha tabaka la usafirishaji, nh ya kichwa cha mtandao, na mac ya kichwa cha Ethernet. Kila kimoja kilikuwa pointa kamili iliyovalishwa sura tofauti: nh.iph ukitaka IP, h.th ukitaka TCP, nh.raw ukitaka baiti zenyewe. Mwaka 2007 Arnaldo Carvalho de Melo, Mbrazili ambaye pia ndiye mwandishi wa pahole, chombo cha kuonyesha umbo la miundo ya C, akazipitia zote. Toleo 2.6.22 la Julai mwaka huo likatoka na transport_header, network_header na mac_header. Watu wengi wakiona hivyo hudhani ni usafi tu, majina mafupi yamerefushwa yasomeke. Yanasomeka, sikatai. Lakini angalia aina yake: kwenye mashine za biti 64 sehemu hizo ziliacha kuwa pointa, zikawa namba, yaani umbali kutoka skb->head. Pointa tatu za baiti 8 ni baiti 24. Namba tatu za baiti 4 ni 12. Mwaka 2013, toleo 3.11, wakazibana tena hadi biti 16 kila moja, zote tatu zikawa baiti 6. Muundo huu hutengwa kwa pakiti baada ya pakiti, kwa hiyo baiti zinazoonekana chache kwako ni nyingi sana kwa mashine yenye kazi.

Na kuna faida ya pili isiyozungumzwa sana. Huku kwetu Tabora ukimwelekeza mtu nyumba unamwambia ahesabu hatua kuanzia kwenye mwembe fulani. Fikiria mwembe na mtaa wake vinahamishwa kwa pamoja kwenda upande mwingine wa mji: maelekezo yako bado ni sahihi. Ndivyo inavyokuwa pakiti inapohitaji nafasi zaidi mwishoni na keneli ikahamishia bafa nzima sehemu nyingine ya kumbukumbu. Zamani ilibidi kurekebisha pointa moja moja. Umbali kutoka mwanzo wa bafa haubadiliki kwa kuhama.

Sasa jiulize ingekuwaje kama wangeliacha jina nh.raw vilevile, huku ndani yake mmewekwa 14 badala ya anwani. Msimbo kama wa fundi wako, uliojaa kugeuza aina kwa mabavu, ungekompaili kwa maonyo mawili matatu, kisha ungekwenda kusoma anwani 14 ya kumbukumbu. Jina lilipoondoka, msimbo wa zamani uligoma wenyewe. Ukurasa mzima wa makosa uliouona ni huduma unayopewa, kijana. Faili la sed la rafiki yako linazima king'ora bila kuangalia moto uko wapi.

Na uthibitisho wa hayo unao mwenyewe. skb->tail ni ndugu ya zile tatu. Nayo mwaka huo huo iligeuzwa kuwa namba kwenye biti 64, ila jina lake halikuguswa. Kwenye biti 32 imebaki pointa mpaka leo, ndiyo maana fundi wako angeweza kupandisha keneli kwenye ile mashine ya zamani na mstari huo usimsumbue kamwe. Wewe umehama vyote viwili kwa pamoja, keneli na biti, na sehemu ambayo jina halikubadilika ndiyo inayokutegea. Funksheni sahihi ni skb_tail_pointer(skb).

Lakini hata hiyo usiiweke hapo! Kinachotafutwa ni urefu wa pakiti, na urefu ni skb->len. Tofauti ya tail na data inakupa tu kile kipande kilicho kwenye bafa ya mbele. Tangu 2009, toleo 2.6.29, kuna GRO: keneli inaunganisha pakiti nyingi za TCP zinazofuatana kuwa moja kubwa kabla hazijafika kwako, na sehemu kubwa ya data inakaa kwenye kurasa za pembeni. Ukipima kwa tail, mteja anashusha video nzima wewe unamwandikia vichwa vya pakiti. Ofisi itafurahiwa mtaa mzima.

Jingine ambalo sed haikulitazama ni tcp_hdr(skb). Kwenye 2.6.18, pakiti ikiwa PRE_ROUTING, yaani imeingia tu na njia yake haijaamuliwa, skb->h ilikuwa bado inaangalia pale pale inapoangalia nh, yaani kwenye kichwa cha IP. Ilisogezwa baadaye, pakiti ilipokuwa inakabidhiwa kwa mashine yenyewe. Kwa hiyo tazama vizuri fundi wako alikuwa anafanya nini na h.th. Kama alikuwa anaongeza ihl (urefu wa kichwa cha IP) mara nne kutoka hapo, alikuwa sahihi kwa keneli ile. Keneli yako inaweka transport_header mapema zaidi, ndani ya ip_rcv, na ukiongeza tena unaruka mara mbili. Usibishane na historia, andika hivi:

    struct tcphdr _th;
    const struct tcphdr *th;
    th = skb_header_pointer(skb, ip_hdrlen(skb), sizeof(_th), &_th);
    if (!th)
            return NF_ACCEPT;

Inahesabu yenyewe kutoka kwenye IP, na kama kichwa kimekatika vipande inakinakili kwenye _th. Bila shaka unathibitisha kwanza kwamba protokali ni TCP.

Haya mengine ni ya haraka. NF_IP_PRE_ROUTING ni NF_INET_PRE_ROUTING. Funksheni ya kujishika ilikuwa inapokea struct sk_buff **, nyota mbili, tangu 2.6.24 ni nyota moja, halafu vigezo vyake vikabadilishwa tena na tena hadi vilipotulia 4.4:

    static unsigned int hesabu(void *priv, struct sk_buff *skb,
                               const struct nf_hook_state *state)

Kiolesura cha kuingilia na cha kutokea sasa viko state->in na state->out. nf_register_hook iliondolewa 4.13, tumia nf_register_net_hook(&init_net, &ops), na wakati wa kuondoka nf_unregister_net_hook. create_proc_entry iliondolewa 3.10, tumia proc_create, tangu 5.6 inataka struct proc_ops, haikubali tena file_operations. Kama ana taima ya kufuta hesabu usiku, init_timer nayo haipo tangu 4.15, ni timer_setup, na funksheni ya taima inapokea taima yenyewe badala ya ile unsigned long ya data. Hapo napo sed haikusaidii, maana kilichobadilika ni kinachopokelewa. Na kama ana NIPQUAD kwenye printk, iweke %pI4 na uipe anwani ya hiyo IP.

Orodha rasmi hakuna, na haitakuwepo. Kwenye mti wa keneli kuna waraka, Documentation/process/stable-api-nonsense.rst, aliouandika Greg Kroah-Hartman. Ukiusoma mara ya kwanza unaudhi. Unasema wazi kwamba mkataba upo kati ya keneli na programu za mtumiaji, na mkataba huo hauvunjwi. Ndani ya keneli kwenyewe hakuna mkataba. Anayebadilisha jina analazimika kurekebisha kila anayelitumia ndani ya mti. Kwa kazi hiyo wana Coccinelle, chombo kilichotoka kwa Julia Lawall na wenzake: unaandika kanuni inayofuata maana ya C, nacho kinapita mti mzima. Wewe uliye nje ya mti hakuna anayekujua. Mimi nimetunza kwa miaka draiva moja ya kadi ya mtandao ambayo haikuwahi kuingizwa kwenye mti, na ninaweza kukuhakikishia kuwa hakuna aliyewahi kunitumia barua ya pole. Hata hivyo nimefikia kukubaliana nao. Wangekuwa wanalinda majina ya ndani kwa ajili ya draiva yangu, sk_buff ingekuwa imebeba mizigo ya 2003 hadi leo.

Usiweke #if LINUX_VERSION_CODE kila mahali kama bado unafikiria kurudi kwenye ukoo wa CentOS. RHEL 8 inajiita 4.18, ila upande wa mtandao imechukua mengi ya matoleo ya mbele. Namba inasema hivi, vichwa vya msimbo vinasema vingine.

Namna ya kutafuta: kwenye tovuti ya Elixir ya Bootlin unachagua toleo, unaandika jina, unaona limetumika wapi. Panda matoleo mpaka uone jina limetoweka. Ukiwa na bando la kutosha, vuta mti mzima kwa git kisha:

    git log -S'nf_register_hook' --oneline -- net/netfilter include/linux

Inakupa pachi iliyoingiza au iliyoondoa jina. Soma maelezo yake hadi mwisho, si mstari wa kwanza tu. Kuvuta kwa --depth 1 kunaokoa bando lakini historia haiji, na historia ndiyo unayoitafuta. Historia yenyewe ya git inaanzia 2.6.12-rc2, Aprili 2005, kwa hiyo 2.6.18 yako imo.

---

nyuki_wa_sikonge

Shikamoo mzee. Mimi nina swali la pembeni. Umesema jina likibadilika ujue maana imebadilika. Mbona kuna mabadiliko mengine ni jina tu? Nimewahi kuona open_request ikawa request_sock, na daddr kwenye inet_sock ikawa inet_daddr. Pale hakuna pointa iliyogeuka namba.

---

mzee_wa_cheyo (Tabora)

Marahaba. Sikusema kila mara, ila mifano yako miwili nayo ina sababu zake.

open_request ilibadilishwa 2005, na Arnaldo huyo huyo. Ilikuwa kitu cha TCP, ombi la muunganisho ambalo halijakamilisha kupeana mikono. Yeye alikuwa anaingiza DCCP, protokali nyingine ya usafirishaji, ambayo ilifika kwenye 2.6.14, na hakutaka kunakili msimbo wa TCP. Akakitoa kile kinachoweza kutumiwa na wote wawili, akakipa jina la familia ya sock. Aliyekuwa ameandika msimbo akidhani kila open_request ni ya TCP alitakiwa kushtuka.

inet_daddr ni hadithi nzuri zaidi. Ni 2009, Eric Dumazet. Alitaka sehemu zinazosomwa wakati wa kutafuta soketi ya pakiti iliyoingia zikae pamoja kwenye mstari wa kwanza wa kache, ndani ya sock_common, na zile zinazoandikwa mara kwa mara zikae mbali nazo. Ukihamisha sehemu kwenda muundo mwingine unataka msimbo wa zamani uendelee kuiita kwa jina la kawaida, na C inakupa makro: `#define inet_daddr sk.__sk_common.skc_daddr`. Sasa jaribu kutengeneza makro inayoitwa daddr. Au num! Kila kigezo chochote kinachoitwa num, kwenye kila faili linalovuta kichwa hicho, kinamezwa. Kwa hiyo alibandika inet_ kwanza kila mahali, kisha ndipo uhamisho ukawezekana. Pachi ile ya majina haikuharakisha chochote yenyewe. Ilikuwa maandalizi, na maelezo yake yanasema hivyo.

Basi hata pale jina linapobadilika na maana ikabaki, kuna kitu kinachokuja nyuma yake. Inafaa kujua ni kitu gani kabla hujaandika sed.

---

nyuki_wa_sikonge

Nimekupata. Ila siku hizi si kuna eBPF, programu ndogo zinazopakiwa na kukimbia ndani ya keneli? Kijana angeandika programu ndogo ya BPF, keneli ya Debian 12 ina /sys/kernel/btf/vmlinux yenye maelezo ya miundo yake, na maktaba ya libbpf inajipanga yenyewe sehemu zikihama ndani ya muundo. Haya mambo ya majina yanaisha.

---

mzee_wa_cheyo (Tabora)

Hayaishi. Huko kujipanga kwa libbpf, kunakoitwa CO-RE, kunatafuta sehemu kwa jina lake, kisha kunarekebisha iko kwenye baiti ya ngapi. Sehemu ikihama, sawa. Jina likibadilika, hakuipati. Mwaka 2021, toleo 5.14, state ya task_struct (muundo wa kila prosesi) ikawa __state, na vyombo vingi vya BPF vililazimika kubeba sura mbili za muundo mmoja: unaandika task_struct___zamani, libbpf inapuuza kila kilicho baada ya mistari mitatu ya chini, na unauliza kwa bpf_core_field_exists ipi ipo. Inafanya kazi, ila jina unalifuatilia wewe.

Tena BPF ina shida ya upande wa pili, ambayo mimi naiogopa zaidi: jina limebaki, maana imehama. Chukua skb->tstamp. Kwa miaka mingi ilikuwa saa ambayo pakiti ilipokelewa, saa ya ukutani. Mwaka 2018, kuelekea 4.20, TCP ikaanza kuweka humo humo muda ambao pakiti inatakiwa kuondoka, kwa saa nyingine kabisa, ile inayohesabu tangu mashine iwashwe. Sehemu moja, saa mbili. Ilibidi kuzifuta baadhi ya thamani pakiti inapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili zisichanganywe. Kwenye 5.18 wakaongeza biti ya kutambulisha ni saa ipi, mono_delivery_time, na 2024 biti hiyo nayo ikabadilishwa jina kuwa tstamp_type kwa sababu saa za kuchagua zilikuwa zimezidi mbili. Aliyekuwa anasoma tstamp kwa jina lake hakupata kosa la kompaila wala onyo. Alipata tarehe za miaka ya 1970.

Ungeniuliza mimi, tstamp ingepewa jina jipya 2018. Ingevunja watu, ndiyo, na wangejua kwamba wamevunjwa.

---

kasulu_mtandao

Mzee nakuheshimu, lakini tatizo ni kuruhusu draiva kuchungulia ndani ya muundo tangu mwanzo. FreeBSD wamefunga mlango: kwenye 14 ya Novemba 2023, struct ifnet imefichwa, draiva zinapewa if_t na kuuliza kwa funksheni, if_getflags, if_setsoftc na nyinginezo. Ndani wabadilishe majina watakavyo. Linux wangefanya hivyo, mada hii isingekuwepo.

---

mzee_wa_cheyo (Tabora)

Kasulu, hapo unayo hoja, na Linux nao wanakwenda huko kidogo kidogo: ip_hdr(), skb_dst(), skb_frag_off() zote ni milango ya namna hiyo. Mwaka 2019, toleo 5.4, skb_frag_t ilipogeuzwa kuwa bio_vec, page_offset ikawa bv_offset na size ikawa bv_len, na waliokuwa wanapita kwenye funksheni hawakujua kama kuna lililotokea.

Ila tofauti ipo. Hizo ni funksheni zinazopachikwa pale pale wakati wa kukompaili. Draiva yako bado imebeba umbo la muundo ndani yake na lazima ukompaili upya. FreeBSD wao wamelipa gharama ya kuita funksheni ya kweli, na kwa kiolesura cha mtandao gharama hiyo inavumilika. Kwa sk_buff, inayoguswa mara nyingi kwa kila pakiti, sidhani kama kuna atakayekubali. Na wao FreeBSD ili kufika hapo ilibidi wabadilishe draiva zote kwenye mti wao. Nani aliwaonea huruma waliokuwa nje?

---

mama_wa_ipuli

Jamani naomba kuchomekea. Hili la 2020 la kuacha maneno kama slave na blacklist halihusiki? Nilitegemea bonding (ile ya kuunganisha kadi kadhaa za mtandao ziwe kama moja) ingebadilishwa yote, lakini bado naona slave kwenye /proc/net/bonding kwenye seva yetu.

---

mzee_wa_cheyo (Tabora)

Dada yangu, mwongozo huo uliingia na 5.8 na unahusu majina mapya. Umetoa ruhusa wazi pale ambapo neno ni sehemu ya kile kinachosomwa na programu za mtumiaji, na /proc/net/bonding ni hiyo hiyo. Kuna skripti kila kona zinazotafuta "Slave Interface" humo. Ndiyo ule mkataba niliomwambia kijana.

---

kijana_wa_katubuka

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimeacha sed, nimepita faili mkono kwa mkono usiku baada ya kufunga. Fundi kweli alikuwa anaongeza ihl juu ya h, nimeweka skb_header_pointer. Kwenye hesabu ya baiti nimeweka skb->len. Nimeipakia na simu yangu peke yake ikiwa kwenye laini, nikashusha faili ambalo ukubwa wake naujua, namba ya /proc/hesabu ikawa juu yake kidogo, naamini ni vichwa vya IP na TCP. Nikajaribu na ile ya tail kwenye mashine pepe ya biti 64 ili nione: nilipewa hasi.

Limebaki moja. Kabla ya kuipakia ilibidi nizime sehemu ya kuandika kwenye /proc, ile inayofuta hesabu ya mteja, kwa sababu kompaila inasema proc_ops haina owner, wala read, wala llseek. Nimetazama skbuff.h, bila shaka siyo humo. Nitazame wapi?

---

mzee_wa_cheyo (Tabora)

Marahaba. include/linux/proc_fs.h.

owner ifute kabisa, haina mrithi. Kazi yake ilikuwa kuzuia moduli isiondolewe wakati kuna mtu ameshika faili, na /proc inalishughulikia hilo yenyewe: remove_proc_entry inasubiri waliomo ndani ya funksheni zako watoke kwanza. Kwa hiyo hakikisha unaiita kwenye kuondoka, kabla hujafuta orodha yako ya anwani.

Zilizobaki zimeongezewa proc_ mbele: proc_open, proc_read, proc_write, proc_release. Ila llseek imekuwa proc_lseek, l moja tu. Ukibandika proc_ kwa mazoea hapo itagoma tena.